Mkono wa Tata Juu ya Bawa la Lori

Tulipomaliza kumzika tata, yaani baba yetu, wadogo zangu wawili waligawana vyombo vyake vya kazi pale uani, na mimi nikaachiwa kipande cha reli. Hakuna aliyekuwa anakitaka. Ni chuma kifupi kilichokatwa kwenye reli ya zamani, urefu wake hauzidi kiganja, uso mmoja umesuguliwa mpaka unang'aa. Wenye kazi yao wanakiita taso. Fundi wa kunyoosha mabati ya magari, ambaye sisi wa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, tunamwita tolie, hukishika upande wa ndani wa bati huku akigonga nyundo upande wa nje, na bati lililokunjamana likibanwa katikati hurudi taratibu mahali pake. Nilikifunga ndani ya kitenge, nikakipeleka kwangu, nikakiweka juu ya meza ya jikoni. Kilikuwa bado kinanukia mastiki, ile dawa nzito ya kuzibia mabati, yenye harufu tamu inayokwaruza koo. Nikakaa nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Mume wangu alidhani nalilia urithi.

Sikuwa nalilia urithi. Nilikuwa nakumbuka juma moja la utoto wangu ambalo sijawahi kumsimulia mtu lote, hata yeye.

Tulikaa mtaa wa Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari mistari, kila moja na ua wake na ukuta wake mfupi. Babu aliipata yetu kwa kazi. Tata aliirithi nyumba, kazi hakuirithi. Wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa anachimba, na asiyechimba alikuwa anabeba, anaosha au anauza kilichochimbwa. Tata alikataa shimo. Alisema chini ya ardhi angependa kwenda siku moja tu, ya mwisho. Alikuwa mkaidi namna hiyo, na ukaidi wake nimeuchukua mimi mzima mzima.

Alikuwa tolie wa garaji moja kubwa mjini mpaka walipomfukuza, kwa sababu milango ya magari ilianza kutoka mikononi mwake ikiwa na mawimbi. Akahamishia kazi uani kwetu, chini ya kibanda cha mabati machache. Mwaka ule wateja watatu, mmoja baada ya mwingine, walikuja kuchukua magari yao kabla hajayamaliza, na wa tatu alimtukana mbele yetu sisi watoto. Mama alikuwa anakaanga mikate na kuiuza kando ya barabara, na siku nyingi tulikula kile kilichokosa mnunuzi. Maji yalikuwa yametufika shingoni. Tata peke yake ndiye aliyekuwa bado anasema mambo yatakuwa sawa, tena kwa sauti kubwa, kama mtu anayejisemesha mwenyewe.

Alikuwa na doa mgongoni mwa mkono wa kulia, jeupe jeupe, kavu, lisilotoa jasho hata kwenye jua la mwezi wa kumi. Lingine lilikuwa begani, na kidole chake kidogo kilikuwa kimeanza kujikunja ndani. Hatukujiuliza kitu. Zamani aliwahi kunyoosha pua ya lori la kubeba asidi, na asidi ile ikamrukia. Kwetu asidi ya migodini ni kitu cha kila siku, inapita barabarani kwenye matangi kama maji ya kunywa, na kila mtaa una mtu aliyeachiwa alama nayo. Kwa hiyo tata aliposema, "Ni asidi ilinikula," mama aliamini, majirani waliamini, na yeye mwenyewe, naapa, aliamini kabisa. Pengine mahali pengine mtu angemwambia aende kwa daktari. Kolwezi tulimwambia pole.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe kuhusu mikono ile, na nilijivunia sana. Tata alikuwa haungui. Kaa la moto likianguka kutoka kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, aliliokota kwa vidole na kulirudisha huku anaendelea na mazungumzo. Sufuria ya bukari, ugali wetu, aliitoa motoni bila kitambaa. Niliwaleta wenzangu watano wa shule waje waone, nikamwomba sana, naye akacheka, akaokota kaa, akalishika mpaka nikamaliza kuhesabu hadi tano. Wasichana wakapiga kelele. Kesho yake shuleni nilitembea nimevimba kichwa, mtoto wa mtu wa chuma. Kila juma vidole vyake vilikuwa na malengelenge mapya, na mimi nilidhani malengelenge ni sehemu ya kazi, kama vumbi.

Ndipo likaja lori la Mama Veronika.

Mama Veronika alikuwa mjane mnene, mwenye kucheka kwa kifua kizima, mzaliwa wa Kasaji. Alikuwa anabeba unga wa muhogo na makaa kutoka kwao, na wakati mwingine alifika mpaka Dilolo kuchukua samaki wakavu. Lori lake lilikuwa kuukuu, la pua ndefu, rangi yake imekuwa ya udongo kwa kukaa sana kwenye udongo. Dereva wake alikuwa ameligonga nyuma ya lori jingine lililosimama barabarani bila taa, limejaa magunia ya madini. Pua ilikuwa imefinyangwa. Bawa la kulia, yaani lile bati la mviringo linalofunika gurudumu la mbele, lilikuwa limekunjamana mpaka linakwaruza mpira, na tundu la taa lilikuwa linatazama chini kama jicho la mlevi.

"Tata fundi," alisema Mama Veronika, ameshika kiuno, "hii gari njo bwana yangu. Ule wa kweli alikufa, hii njo ilibakia. Batu banasema weye unaharibishaka magari. Mi sisikilizake ya batu. Unitengenezee hii pua muzuri, niko na magari ingine mbili, zote zitakuya kwako, na utatumika mu parcelle yangu, chini ya hangar, kila siku. Ukiiharibisha, minapeleka kwa batolie ba kule Manika. Inafaa kuwa tayari vendredi."

"Vendredi itakuwa tayari, mama," alisema tata. Ilikuwa Jumatatu, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufika Ijumaa, kwenye kiwanja cha yule mama, chini ya banda lenye paa la kweli.

Mama yangu alisubiri mgeni aondoke. Alikuwa anapangusa mikono ya unga kwenye kitenge chake, pole pole, kidole kimoja kimoja, na sisi watoto tulijua ishara hiyo.

"Tata ya batoto, sikia. Hii gari njo ya mwisho. Ikienda vile zile ingine zilienda, minabeba batoto, tunaenda Kasaji kwa kaka yangu. Weye utabakia na nyundo yako."

"Haitaenda vile."

"Ulisema vile na ile ya tatu."

Tata alienda akasimama mbele ya lori, akaweka viganja vyote viwili juu ya bawa lile bovu, akafumba macho. Nilimwona akikunja uso kama mtu anayejaribu kusikia redio iliyo mbali. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akaniita.

Sasa niwaelezeni kidogo kazi ile ilivyo, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa kitu. Macho hayatoshi kwa bati. Jua likipiga upande huu unaona kilima, ukihama hatua moja kilima hakipo. Tolie wa kweli anapima kwa kiganja. Anajipaka unga kidogo ili mkono uteleze, anafumba macho, anapitisha kiganja kutoka mwisho hadi mwisho, na pale panapoinuka hata kwa unene wa ukucha anapasikia, anapatia alama ya makaa, anapagonga. Tata ndiye aliyekuwa bingwa wa hilo zamani. Wazee wa garaji walimwita aje asikie tu, kazi wamalize wao.

"Jipake unga," aliniambia. "Funga macho. Pitisha mukono pole pole. Ukisikia kitu inainuka, unisemee."

"Hapa, tata."

"Inainuka ao inaingia?"

"Inainuka. Kidogo, sawa kunde."

Akagonga mara tatu, kwa nyundo ya mti, taso likiwa ndani. "Sasa?"

"Sasa imelala."

Akashusha pumzi. Mimi nilidhani ananifundisha. Nilikuwa na miaka tisa na wadogo wawili wa kiume, na hakuwaita wao, aliniita mimi, msichana, na kunipa siri ya kazi yake. Jumatatu ile nililala nikiwa na furaha isiyo na kifani. Niliwaambia wadogo zangu kwamba nitakuwa tolie wa kwanza mwanamke Kolwezi nzima, na kwamba wao watanibebea nyundo. Mdogo wangu mkubwa alilia kwa wivu, na nilifurahi alipolia.

Jumanne tata alifunga mnyororo kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa nyuma ya nyumba, akaufunga kwenye fremu ya mbele, na dereva akarudisha lori nyuma kidogo kidogo mpaka pua ikavutika. Ilitoa mlio wa kutisha. Mama alisimama mlangoni, akashika kichwa. Lakini fremu ilinyooka, na tata akatoa bawa, akalilaza juu ya magunia, na kazi ya kiganja ikaanza upya.

Ilikuwa ngumu. Bati lililogongwa sana hutanuka, na likitanuka halina tena pa kukaa; ukilibonyeza hapa, linaruka pale kwa mlio kama wa kopo tupu. Dawa yake ni kulichoma sehemu ndogo kwa chuma chekundu na kulipoza hapo hapo kwa kitambaa kibichi ili lijivute. Mtungi wa gesi ulikuwa umeisha zamani, kwa hiyo tata alichoma vyuma kwenye mbabula. Alichoma, akapoza, akagonga, akauliza, nami nikajibu. Kufikia Jumatano mchana kiganja changu kilikuwa kimevimba na sikuwa nataka tena kuwa tolie wa kwanza wala wa mwisho. Rafiki zangu walikuwa wanaruka kamba nje ya ukuta. Nikaanza kujibu ovyo.

"Imelala?"

"Imelala."

"Uniseme kweli, mwana. Usiseme juu ya kunifurahisha."

"Imelala, tata, imelala!"

Alilitazama bawa, kisha akanitazama mimi. Alipitisha kiganja chake mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu akakaa chini kwenye udongo, akatia kidole chake kidogo mdomoni na kukiuma kwa nguvu. Niliona meno yakizama. Alikitoa, akakitazama, akakiuma tena. Machozi yalikuwa yanamshuka. Nilidhani ananicheka kwa namna fulani, au ni njaa, kwa sababu siku hiyo hakuwa amekula. Sikuuliza. Nilijipaka unga upya, nikafumba macho, nikasema, "Nilidanganya. Kuko moja inainuka, hapa chini." Alisimama, akalishika taso.

Alhamisi asubuhi aliamka kidole hicho kikiwa na kidonda kibichi, kimetafunwa pembeni. Mama alisema ni panya. Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka: panya anamla tata, na tata anakoroma! Yeye pia alicheka. Leo, nikikumbuka kicheko kile, ninasikia aibu mpaka masikioni. Ni mtu gani anayeliwa na panya bila kuamka?

Ijumaa mchana bawa lilikuwa limekwisha na limerudishwa mahali pake. Mastiki ilikuwa nyembamba, imesuguliwa vizuri, na juu yake rangi ya kijivu ya kwanza. Pua ilikuwa pua. Kilichobaki ni kishikio cha taa, kipande cha chuma kilichopinda. Tata alikichoma kwenye mbabula, akakinyoosha kwa nyundo, akakiweka juu ya tofali kipoe. Mama alikuja akazunguka lori lote. Kisha akaingia ndani, na nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu msimu wa mvua.

Mama Veronika alifika wimbo haujaisha. Alizunguka mara mbili. Alichuchumaa kwa shida, akatazama bawa kwa kuegemeza kichwa, akahama, akatazama tena. Mwisho akaweka kiganja na kukipitisha.

"Eeh, tata," alisema. "Eeh! Na banasema weye unaharibishaka. Ile ni bubongo tupu. Hii ni kazi ya mukubwa."

"Aksanti, mama."

"Lundi dereva atakuletea ile ya bleu. Na tutaenda uone ile hangar."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mikate, amejiziba mdomo kwa kitenge. Tata, aliyeahidiwa kazi ya Jumatatu, alikuwa anatabasamu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, niliona kwamba hakuna aliyenisifu. Nilitaka Mama Veronika ajue kwamba amepata fundi ambaye hakuna mwingine kama yeye, na kwamba huyo fundi ni wangu.

"Mama, na tena tata haunguake!" nikasema. "Moto haimuumizake! Ona!"

Nikamshika mkono wa kulia, kama nilivyokuwa nimeushika juma zima. Alikuwa anamsikiliza Mama Veronika, akaniachia mkono bila hata kugeuka. Nikaweka vidole vyake juu ya kile kishikio cha taa na kuvikandamiza. Kilikuwa kimepoteza wekundu, lakini joto lake nililisikia usoni.

Tata aliendelea kuzungumza. Alikuwa anasema kuhusu lori la buluu, kama lina kutu chini ya milango. Moshi mdogo ulipanda. Harufu ikafika. Yeye alikuwa bado anatabasamu, anasema kutu si tatizo, kutu inakatwa, na mimi nilikuwa ninamtazama Mama Veronika nikisubiri apige makofi.

Alipiga yowe. Sijasikia tena yowe kama lile. Alinisukuma nikaanguka, akaunyakua mkono wa tata, na kipande cha ngozi kikabaki kwenye chuma.

Majirani walichomoza vichwa juu ya ukuta. Mama aliangusha sinia. Tata alikuwa anatazama vidole vyake kwa mshangao, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha mtu mwingine.

Mama Veronika alimkalisha juu ya gunia. Alikunja mkono wa shati lake, akalitazama lile doa jeupe, akashika kiwiko chake na kukibonyeza kwa ndani kama anayetafuta mshipa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alichomoa pini iliyobana kilemba chake.

"Funga macho, tata. Nitakugusa. Utanisemea ni wapi."

Tata akafumba macho. Kuku wa jirani tu ndiye aliyekuwa anasikika.

"Anza basi," alisema tata.

Pini ilikuwa imekwisha kuzama kwenye kidole chake kidogo, nusu nzima.

"Anza, mama. Niko nangojea."

Mama Veronika aliichomoa. Alikuwa analia waziwazi. "Tata fundi, hii haiko asidi."

"Ni asidi. Mi najijua."

"Mama yangu alikuwa na hii. Mi nilikomalaka mu nyumba yenye iko na hii. Ni bukoma, tata."

Alilisema kwa sauti ya chini, lakini ukuta wetu ulikuwa mfupi. Mwanamke wa jirani alimshusha mtoto wake ukutani kama anayemtoa motoni, na mlango ukafungwa. Kisha mwingine. Mama yangu hakufunga kitu. Aliketi pale pale kwenye mikate iliyomwagika.

"Haiko mwisho ya dunia," Mama Veronika alisema haraka. "Sikia. Ku Kasaji masista beko na dawa, ni ya bule, unameza kila siku, inapona. Mama yangu alikufa na buzee. Gari itaenda kesho asubuhi. Utapanda."

Tata alikuwa analitazama bawa. "Na hii aile," akasema, "iko muzuri?"

"Iko muzuri. Sijaonaka aile muzuri vile."

"Na ile magari ingine mbili?"

Mama Veronika aligeuza uso. "Batumishi bataogopa, tata," alisema. "Pona kwanza."

Kwa hiyo tulishindwa, na lori lilikuwa limenyooka kabisa. Siku ile sikuielewa hata nusu ya jambo hilo. Nilichoelewa ni kimoja tu: kabla sijaweka mkono wa tata juu ya chuma, hakuwa na ugonjwa, baada ya kuuweka, anao. Niliamini mimi ndiye niliyemtia ukoma. Mama, kwa hofu yake, alitusugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawaka, akatuambia tusimguse tata mpaka ijulikane mambo yakoje. Alisema hivyo huku analia, na tata alikuwa chumba cha pili, anasikia.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa limewashwa mbele ya nyumba. Mtaa mzima ulikuwa nje, lakini mbali. Dereva hakutaka tata akae naye mbele, kwa hiyo aliwekewa magunia matupu nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Aliwaaga wadogo zangu kwa kichwa, akamwambia mama maneno ambayo sikuyasikia, kisha akaja kwangu na kunyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe mukono, mwana. Tulitumika kazi muzuri, sisi babili."

Niliweka mikono yangu yote miwili nyuma ya mgongo.

Nilitaka kumwambia kwamba naogopa kumuongezea. Naapa mbele ya Mungu ndivyo nilivyotaka kusema: kwamba mikono yangu ndiyo mibaya. Lakini sikusema. Na yeye aliona kile ambacho mtu yeyote angeona. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaushusha na kuupangusa kwenye suruali.

"Ni muzuri," alisema. "Fanya vile."

Alipanda. Lori lilitoka na pua yake nzuri, na hakuna mtu aliyelisifu.

Mama hakutupeleka kwa kaka yake. Sijui kama ni mapenzi au ni ukaidi wa kuambukizwa na tata, lakini alibaki, akawa anaenda kuuza mikate mbali, mahali ambapo hawakumjua. Habari zilikuja kwa mdomo wa Mama Veronika: kidonda kimeingia mfupani, vidole viwili vimekatwa, dawa anameza, ananenepa, anawanyooshea masista milango ya gari lao kwa mkono mmoja, na wanamsamehe mawimbi. Nilipokuwa mkubwa nilijifunza yaliyobaki. Ugonjwa ule hauruki kwa kumshika mtu mkono. Baada ya dawa za mwanzo tu hauambukizi tena. Tulikuwa tumekula naye sahani moja kwa miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeupata. Dawa zenyewe nasikia zilikuwepo hata Kolwezi. Lakini vidole vikishakufa, dawa haivifufui, na vilikuwa na miaka mitatu ya kufa huku sisi tukisema pole na asidi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alilima mboga, aliona wajukuu, na mtaa ukasahau, kama mitaa inavyosahau. Watu wote aliwapa mkono wa kushoto, hata wale waliofunga milango. Mimi peke yangu hakuninyooshea tena, na hakuwa mtu wa kinyongo. Alikuwa ananiheshimu tu, kufuatana na nilivyomwonyesha siku aliyorudi.

Alirudi mchana, mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye. Mama alimwona kutoka mbali, akakimbia barabarani bila viatu, akamkumbatia mbele ya watu wote waliotaka kutazama. Wadogo zangu walimrukia miguuni. Tata alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na alipoinua kichwa alinitafuta mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni. Hakunyoosha mkono. Aliiacha yote miwili ikining'inia, wazi, akasubiri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo mwaka mzima. Nilikuwa na maneno. Lakini bado niliamini mikono yangu ndiyo iliyomtia ukoma. Nikasema, "Karibu, tata," nikageuka, nikaingia ndani kumletea kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, chepesi, hata mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakibeba kwa vidole viwili. Mimi nilikibeba kwa mikono yote miwili, nimekikumbatia kifuani, ili nisibaki na hata mmoja wa kumpa.